Kitambi cha usukani, mtori wa uzazi na lita moja ya mafuta

Haya wapendwa, tumekutana tena. Mwezi huu meseji zimekuwa nyingi hadi moja niliisoma nimesimama kwenye kifodi nikapitilizwa kituo, na ukizikusanya zote zinauliza kitu kimoja tu, haya mafuta yanatokaje mwilini? Nimechagua barua tano na kaswali kamoja ka katikati ambako kameulizwa na watu wengi mno. Majina nimeyaficha ila mitaa nimeiacha. Kwa msomaji mgeni, mi sio daktari, ni mwalimu wa mazoezi hapa Moshi, kwa hiyo ukiona nimeandika nenda hospitali ujue uwezo wangu umeishia hapo, usinibembeleze.

Kocha habari za kazi. Mi ni dereva wa kosta Moshi–Arusha, miaka 38, urefu sentimita 172, kilo 96. Kitambi kimefika kwenye usukani, sio utani, konda wangu ananicheka mbele ya abiria. Kila asubuhi napiga sitapu 200, jioni nikipata nafasi nakimbia nimevaa nailoni ndani ya koti ili jasho litoke vizuri. Huu mwezi wa pili tumbo liko palepale. Nakosea wapi? – Baba wa wawili, Sakina

Kaka, sitapu 200 kila siku hongera, mimi mwenyewe nikifika 60 naanza kuangalia saa. Shida ni kwamba umezituma kazi isiyo yake. Sitapu zinakaza misuli ya tumbo, na mafuta mengine yamekaa juu ya hiyo misuli, mengine yamejaa huko ndani yanazunguka ini na utumbo, na misuli haina desturi ya kula mafuta ya jirani yake. Mwili ukihitaji nishati unachota akiba kutoka kila kona, unaipitisha kwenye damu, na kona gani itangulie kupungua ni mambo ya urithi na homoni, we hupigi kura. Ndo maana mtu anaanza kukonda uso, watu wanamuuliza kama anaumwa, na tumbo bado lipo tu limekaa.

Halafu tupige hesabu. Sitapu 200 ni kama dakika 10, na kwa uzito wako hapo umechoma kalori 60 hivi. Soda moja ya mililita 350 ina kama 140. Yaani ile soda unayonywa Bomang'ombe wakati abiria wananunua mahindi ya kuchoma imeshafuta sitapu za jana, za leo na kidogo za kesho.

Nailoni ivue leo. Jasho ni maji na chumvi, mwili unalitoa ili upoe, na ukijifunga nailoni unauzuia kupoa, utashuka kilo moja kwenye mizani na itarudi yote ukinywa maji, na siku jua likiwa kali unaweza kuanguka barabarani. Sasa kama sio jasho mafuta yanaenda wapi? Hii watu hawaniamini kabisa lakini ndo ukweli wenyewe, tunayapumua. Mafuta yakichomwa mwilini yanageuka hewa ukaa na maji, na wataalamu wakipiga hesabu ya kilo 10 za mafuta wanapata kilo 8.4 zimetoka kama hewa kupitia mapafu na 1.6 tu ndo maji, ya mkojo, jasho na mengine. Usiende sasa kuhemahema pale stendi ukidhani unapunguza, utapata kizunguzungu bure, mwili unachoma kadiri unavyotumia na kadiri ulivyoupunguzia chakula.

Kaka huyu nilimwomba aniandikie kwenye daftari kila kinachoingia mdomoni, siku saba, bila kujipendelea. Aliandika tatu akachoka, lakini zinatosha. Asubuhi chai ya vijiko vinne vya sukari, chapati mbili na supu. Saa nne soda. Mchana zege, yaani chipsi mayai. Saa kumi soda tena. Usiku ugali ule unaitwa mlima, nyama kidogo, mboga za majani za kuonja. Nikikadiria inakaribia kalori 2,800, wakati mtu wa umri na uzito wake anayeshinda amekaa anatumia kama 2,500. Hiyo tofauti ndogo ndo imejenga kitambi, hakuna mchawi wala nini.

Sasa sikia. Soda mbili ziondoke, weka maji. Chapati ibaki moja, supu endelea nayo tena iongezwe nyama isiyo na mafuta. Zege iwe ya Jumamosi, siku nyingine tafuta mama ntilie akuwekee wali kiasi, maharage na mboga ya kutosha. Ukifanya hayo matatu umepunguza kama kalori 800 kwa siku na umeshuka hadi karibu 2,000, sasa unaukopa mwili kama 500 kila siku. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ni kalori kama 7,700, kwa hiyo utashuka karibu nusu kilo kwa wiki. Najua unaona ndogo. Ni kilo 10 na ushee kwa miezi sita na bado unakula ugali wako.

Mazoezi usiache, badilisha tu. Pale stendi unaposubiri zamu usikae kwenye kivuli na wenzako mnabishana Simba na Yanga, tembea haraka dakika 30, Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima apate angalau dakika 150 za hivyo kwa wiki, na siku mbili afanye mazoezi ya nguvu, skwati, pushapu, kubeba vitu. Na badala ya mizani nunua futi ya fundi cherehani, pima katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, ukiwa umetoa pumzi kawaida na sio umevuta tumbo ndani. Kwa mwanaume ukivuka sentimita 94 hatari ya moyo na kisukari inaanza kupanda, ukivuka 102 imeshapanda sana. Kwa akina mama namba ni 80 na 88. Konda akicheka mpime na yeye.

Shikamoo Kocha. Nimejifungua mtoto wa kwanza, ana miezi 7 na bado ananyonya. Kabla ya mimba nilikuwa kilo 61 sa hivi nina 78. Mama mkwe alikuja kunilea kutoka Kibosho, mtori, ile supu nzito ya ndizi na nyama, asubuhi mchana jioni, namshukuru sana ila yeye ameondoka na mtori umebaki mwilini. Rafiki yangu kaniuzia chai ya kupunguza tumbo, nikinywa naharisha na tumbo linashuka kweli, baada ya siku mbili linarudi. Niendelee? Na mkanda wa tumbo unasaidia? – Mama K., Pasua

Marahaba mama, na hongera kwa mtoto. Chai hiyo mwage. Nyingi ya chai hizi ukisoma pakiti kwa makini utakuta sanamaki, ile ile bibi zetu walitumia mtu akikosa choo, na kazi yake iko kwenye utumbo mpana. Sasa chakula kinanyonywa wapi? Kwenye utumbo mwembamba, huko juu, mapema kabisa. Sanamaki inapofika kazini mtori umeshaingia kwenye damu kitambo, unachoharisha ni maji, uchafu na madini, hasa potasiamu ambayo moyo unaihitaji ili upige vizuri. Tumbo linashuka kwa sababu limekuwa tupu. We unanyonyesha, unahitaji maji kuliko mtu yeyote hapo nyumbani, halafu unayatoa kwa hela yako mwenyewe!

Kunyonyesha kwenyewe kunatumia kalori kama 500 kwa siku, kwa hiyo una mtaji tayari, usijishindishe njaa. Punguza taratibu, nusu kilo kwa wiki haitaharibu maziwa, ukitaka kushuka kwa fujo ndo mwili unachoka na mtoto atalalamika kabla yako.

Mtori siulaumu, na mama mkwe wako naomba umfikishie salamu zangu kwa sababu kazi aliyoifanya ni ya heshima, mzazi wa Kichaga akilishwa anaonekana amelelewa. Ila ule mtori ulikuwa wa mtu aliyetoka damu, aliyelala kitandani na kidonda, sasa we umeshapona unaosha nguo unapika unabeba mtoto na bado unakunywa bakuli tatu zenye nyama ya mafuta na siagi juu. Pika uleule kwa nyama isiyo na mafuta, siagi achana nayo, bakuli moja kwa siku, pembeni mnafu au mchicha wa kutosha na yai au maharage. Jambo la akina mama wengi ni yale matonge ya kumalizia sahani ya mtoto na uji wake uliobaki, hayo hayaandikwi popote ila kwenye nyonga yameandikwa.

Mkanda hauchomi mafuta, unashikilia tu. Kama unakupa nafuu ya mgongo vaa masaa machache, usijibane hadi unashindwa kupumua. Kuna kitu muhimu zaidi, mimba inaachanisha misuli ya tumbo pale katikati na kwa wengine inachelewa kurudi. Lala chali kunja magoti, nyanyua kichwa kidogo, ukiona tumbo linachomoza katikati kama mgongo wa samaki, sitapu usiguse kwanza, na mwone mtaalamu wa mazoezi tiba hospitalini. Anza na kupumua kwa tumbo, kubana misuli ya chini kama unayezuia mkojo, na kutembea, mtoto mgongoni kama anakubali, Pasua ni tambarare huna kisingizio. Kama ulijifungua kwa upasuaji muulize kwanza daktari aliyeona kidonda.

Na jambo la pembeni: kama umeanza sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu, kwa baadhi ya wanawake inaongeza uzito. Usiiache kimyakimya, utarudi kwenye mtori mapema kuliko ulivyopanga. Muulize muuguzi njia nyingine.

Meseji kumi na kitu: Kocha, bia inaleta kitambi au ni maneno ya wake zetu?

Wake zenu wako sahihi. Gramu moja ya kilevi ina kalori 7, mafuta yenyewe yana 9, wanga na protini 4. Bia ya nusu lita ni kama kalori 200, kwa hiyo tano za Ijumaa ni 1,000 na hapo nyama choma haijafika mezani. Na ini likiona pombe linaacha kila kitu linaishughulikia pombe kwanza, mafuta yanasubiri foleni. Mbege nayo ni ndizi na ulezi, ni chakula kilichochachuka, sijui nani aliwaambia kwamba kwa kuwa ni ya kienyeji basi haihesabiki. Nyama choma sio adui, kule Kwa Mrombo agizeni nyama na kachumbari nyingi, ndizi mbili za kuchoma, bia mbili, rudini nyumbani. Waliouliza kuhusu kuhamia pombe kali ili kukwepa kitambi, jamani.

Niaje Kocha, mi chalii wa Ngarenaro, miaka 24, kilo 88. Niliacha ugali, wali na mkate wote, wiki ya kwanza nikashuka kilo 3 nikajiona mbabe. Wiki ya pili hamna kitu, ya tatu nikala chapati za harusi, nimepanda. Afu wadau wengine wanasema usile baada ya saa 12 jioni, wengine nifunge masaa 16, wengine piga jogingi tu kila siku ule unachotaka. Nimshike nani hapo?

Poa chalii yangu. Zile kilo 3 nyingi zilikuwa maji. Mwili unatunza wanga kwenye misuli na ini kwa jina la glaikojeni, na kila gramu ya glaikojeni inashikilia kama gramu 3 za maji, sasa ulivyokata wanga ghafla akiba ikaisha na maji yake yakaondoka, mizani ikakudanganya. Ulivyokula chapati za harusi wiki ya tatu maji yakarudi nyumbani. Mafuta yenyewe yalikuwa yanasubiri uone kama uko siriasi.

Saa 12 jioni hakuna geti linalofungwa tumboni. Anayeacha kula usiku anapungua kwa sababu ameondoa mlo mmoja na vitafunwa vya kwenye muvi, kwisha. Kufunga masaa 16 vilevile, kwa watu wengine inasaidia kwa kuwa inawapa muda mfupi wa kula, ila ukifika saa ya kufungua ukashusha ugali wa watu wawili na chipsi juu umejifungia bure. Chagua unayoweza kuishi nayo hata ukiwa msibani au kwa mama yako. Mi ningekwambia rudisha ugali, kiasi cha ngumi yako, na jaza nafasi iliyobaki na protini. Lenga gramu 1.2 hadi 1.6 kwa kila kilo ya uzito, protini inashibisha na inalinda misuli wakati unapungua. Yai lina 6, glasi ya maziwa 8, kikombe cha maharage yaliyopikwa 15, nyama iliyoiva gramu 100 ina kama 25, na dagaa ambao nyie wa Chuga mnawadharau wana protini ya maana kwa bei ya kawaida sana.

Hao wa piga jogingi ule unachotaka ndo nina ugomvi nao, kwa sababu nilikuwa mmoja wao. Mwaka fulani nilijiandaa na nusu marathoni ya Kilimanjaro hapa Moshi, wanaoijua wanajua ile barabara ya kupanda Mweka inavyomnyoosha mtu. Miezi mitatu nakimbia alfajiri, na kila nikirudi najiambia nimestahili, chapati tatu, parachichi zima, uji wa karanga. Siku ya mbio nilimaliza vizuri tu, medali nikavaa, nikapanda mizani nimeongezeka kilo 2. Nilikuwa na pumzi za farasi na tumbo langu nikaja nalo hadi Uwanja wa Ushirika. Kimbia, chalii, moyo utakushukuru na usingizi utakuwa mzuri, na waliopungua wanaoendelea kufanya mazoezi ndo mara nyingi hawarudishi uzito, ila saa nzima ya kukimbia inafutwa na dakika kumi za kula ovyo.

Kocha mwanangu, hujambo. Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Marangu, nina miaka 61 na kilo 91. Nina kisukari na presha, dawa natumia asubuhi na jioni, na magoti yananisumbua hasa ninaposhuka kwenda barabarani. Daktari amesema nipunguze mwili. Wajukuu wamenionyesha kwenye simu watu wanaofunga siku nzima wakapungua, nami nataka kuanza Jumatatu. Unaniruhusu? – Bibi wa wajukuu sita

Shikamoo Mwalimu. Jumatatu usianze kufunga, nakuomba, Jumatatu nenda kliniki na zile pakiti za dawa mkononi. Kuna dawa za kisukari, insulini na nyingine za vidonge kama glibenklamaidi, ambazo zinashusha sukari uwe umekula au hujala, sasa ukifunga ghafla sukari inaweza kushuka hadi ukaanza kutetemeka, jasho la baridi, kuchanganyikiwa, hata kuzimia. Wanaotumia metformini peke yake hatari yao ni ndogo zaidi, lakini hiyo sio kazi yangu kuamua na wala sio ya wajukuu. Hata dawa za presha huenda zikahitaji kupunguzwa unavyopungua, na anayepunguza ni daktari. Na hata usipofunga, sukari ikishuka hivyo usisubiri mtu akushauri, lamba vijiko vinne vya chai vya sukari kwenye maji, ukae chini, halafu ule.

Habari njema ni kwamba huhitaji kurudi kwenye uzito wa binti. Ukishusha asilimia 5 tu, kwako ni kama kilo 4 na nusu, sukari na presha kwa kawaida zinaanza kusogea upande mzuri. Na magoti, hapa ndo napapenda, kila kilo unayopunguza goti linapumzika mzigo wa kama kilo 4 kwa kila hatua, sasa zidisha 4 na nusu kwa 4 uone umetua gunia la aina gani.

Umesema magoti yanauma ukishuka. Ni kweli kabisa, kushuka ndo kunaliumiza goti kuliko kupanda, na Marangu yote ni kupanda na kushuka. Fanya hivi, kupanda tembea kwa miguu polepole na fimbo yako, ukipumzika mara nyingi unavyotaka, kushuka chukua bodaboda. Watu watakushangaa, kila mtu anafanya kinyume. Nyumbani kaa kwenye kiti kigumu, simama bila kushika popote, kaa tena taratibu, mara 10, pumzika, rudia raundi tatu, siku tatu kwa wiki. Kama mara 10 ni nyingi anza na 4. Umri wako misuli inapotea kimyakimya na mtu akipunguza kula bila mazoezi ya nguvu anapoteza misuli pamoja na mafuta, anakuwa mwembamba lakini hawezi kunyanyuka kitini.

Chakula chako cha huko mlimani ni kizuri kuliko cha mjini, usikidharau. Kiburu chenye maharage mengi kuliko ndizi, mnafu nusu sahani, maziwa bila sukari. Ndizi mbivu tamu moja, sio mkungu. Juisi ya wajukuu hata kama ni ya matunda ya kukamua usinywe, kula tunda lenyewe. Na chai ya sukari, Mwalimu, tuachane nayo, najua inauma, punguza nusu kijiko kila wiki ulimi utazoea.

Mambo Kocha, niko Njiro, miaka 34, nafanya kazi ofisini. Nilianza na kilo 82, kwa miezi minne nikafika 75, sasa wiki ya sita niko hapohapo. Sili sukari, sili chipsi, nimehamia dona, natembea dakika 45 mara tatu kwa wiki, napika mwenyewe nyumbani tuko wanne, nalala saa saba usiku naamka kumi na moja. Ni kweli mwili umeshazoea dayati na umegoma?

Poa dada, na kilo 7 ni kazi kubwa, watu wanaipita hiyo namba bila kusema asante. Mwili haujagoma, umekuwa mdogo. Mwenye kilo 75 anatumia nishati kidogo kuliko mwenye 82 hata akiwa amelala, na akitembea anabeba mzigo mdogo, kwa hiyo sahani iliyokupunguza mwezi wa kwanza sa hivi inakutosha tu. Halafu angalia na kalenda yako, karibu na hedhi wengi wanashika maji kilo moja hata mbili, linganisha wiki hii na wiki kama hii ya mwezi uliopita, usilinganishe Jumatatu na Jumanne. Na futi umepima? Mara nyingine mizani imesimama na sketi imelegea.

Dona ni nzuri, ina nyuzinyuzi zinazoshibisha, ila kalori zake na sembe zinakaribiana sana, robo kilo ya unga wowote ni kama 900. Nakwambia kwa sababu nimeona watu wakihamia dona wanaongeza ukubwa wa tonge kwa furaha.

Lakini mi nina mtuhumiwa mwingine. Umesema huli chipsi na unapika nyumbani. Kwenye orodha uliyonitumia kuna mchicha wa kukaanga, maharage ya kuunga, samaki wa kukaanga kidogo, wali wa nazi Jumapili, yaani chakula safi kabisa, na hakuna mahali umeandika mafuta. Kila mtu anasahau mafuta kwa sababu hayaonekani sahani ikishapakuliwa. Kijiko kimoja kikubwa ni kalori 120, na sisi hatupimi kwa kijiko, tunamimina kutoka kwenye dumu huku tunaongea na simu. Lita moja ina zaidi ya 8,000. Mko wanne, kama lita inaisha kwa siku 5 ina maana kila mmoja anakula kalori zaidi ya 400 za mafuta kila siku, watoto wako wanakimbia wanazitumia, wewe unakaa ofisini unazihifadhi. Ukiivusha hiyo lita hadi siku 10 umejipunguzia kama 200 kwa siku bila kugusa tonge lako.

Kitunguu kinaiva vizuri kwa kijiko kimoja na maji kidogo. Mchicha hauhitaji kuogelea. Samaki mchome au mchemshe na nyanya na ndimu. Ongeza na siku mbili za mazoezi ya nguvu, hata kwa dumu la maji la lita 5 kila mkono, skwati, kuvuta, kunyanyua juu ya kichwa, kutembea peke yake hakutoshi kulinda misuli. Na usingizi, ulisema unalala saa saba usiku unaamka kumi na moja, mtu aliyelala masaa manne akiamka njaa yake sio ya kawaida, anatamani vitamu na vya mafuta siku nzima.

Leo ukitoka kazini pitia dukani kwa Mangi nunua lita mpya, andika tarehe kwenye chupa kwa kalamu ya wino mzito, usimwambie mtu nyumbani. Ikiisha nitumie meseji ya namba moja tu, imekaa siku ngapi, kisha nitakuambia tunapunguza wapi.